Mng'ongo: namna ya kuutambua, kuokota matunda yake na kuitumia kokwa yake

Wengi wanaoujua mng'ongo wanaujua nusu. Wanaliokota tunda lake la manjano, wananyonya maji yake ambayo utamu wake umechanganyika na uchachu, kisha wanaitupa kokwa kichakani bila kujua kwamba ndani yake mna kiini chenye mafuta mengi kuliko karanga. Wengine wamewahi kulichuma tunda likiwa bado mtini, wakalikuta gumu na kali, wakahukumu kwamba huu ni mti wa ndovu na nyani tu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliye na mng'ongo karibu naye, iwe shambani, malishoni au kando ya njia, ambaye anataka kuutumia kama watu wa savana walivyoutumia kwa vizazi vingi, na kuuacha ukiwa hai na wenye nguvu baada ya kuutumia.

Mng'ongo ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Jina lake la kitaalamu ni Sclerocarya birrea, na sehemu ya kwanza ya jina hilo imetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kokwa ngumu, jambo ambalo kila aliyewahi kuigonga kokwa hiyo atalikubali mara moja. Mti huu huota wenyewe kuanzia Senegali hadi Ethiopia, ukashuka kupitia Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, na unapatikana Madagaska pia. Wataalamu wa mimea huugawa katika aina ndogo tatu, yaani birrea, caffra na multifoliolata, na Tanzania ni nchi ambamo zote tatu zinaota. Wazulu huuita umganu, Washona huuita mupfura, na Watswana huuita morula, jina ambalo ndilo lililozaa neno marula linaloandikwa kwenye chupa za mafuta na vinywaji vinavyouzwa nchi za mbali. Usiuchanganye na mongongo wa mchanga wa Kalahari, kwa maana huo ni mti wa ukoo mwingine kabisa, ukoo wa mbono na muhogo, ingawa nao huliwa viini vyake na majina yanakaribiana.

Uhusiano wa watu na mti huu ni wa kale sana. Katika pango la Pomongwe, kwenye vilima vya Matobo nchini Zimbabwe, wanaakiolojia walikuta mabaki ya kokwa za mng'ongo kwa wingi wa kushangaza, yaliyoachwa na watu walioishi kwa kuwinda na kuokota maelfu ya miaka kabla ya kilimo kufika huko. Watu hao hawakuzitupa kokwa wakaondoka. Walizipasua na kula kilichomo.

Kuutambua mti, dume na jike

Anza kuutafuta mti kabla ya msimu wa matunda, kwa sababu ukingoja hadi usikie harufu ya matunda yaliyoiva utakuwa umekwisha kutanguliwa na wanyama. Mng'ongo uliokomaa huwa na kimo cha mita 9 hadi 18, shina moja lililonyooka, na taji pana la mviringo ambalo hutoa kivuli chepesi. Gome lake ni la kijivu na hubanduka kwa vipande vya duara, kila kipande kikiacha kijishimo chenye rangi ya waridi au ya manjano hafifu, kwa hiyo shina la mti mzee huonekana lina madoadoa. Matawi ya mwisho ni manene kama vidole, nayo majani yamekusanyika kwenye ncha zake. Kila jani limeundwa na vijani vidogo vilivyopangika viwili viwili kwenye uti mmoja, na kimoja kikiwa peke yake mwishoni. Kwenye miche michanga kingo za vijani hivyo huwa na meno kama ya msumeno, na mti unapokua meno hayo hutoweka, jambo ambalo huwafanya watu wauone mche na mti mkubwa kama mimea miwili tofauti.

Kiangazi mti hupukutisha majani yote. Maua hutoka mwishoni mwa kiangazi, mti ukiwa bado mtupu au ukianza tu kuchipua, na hapo ndipo penye jambo ambalo msomaji anapaswa kulishika kuliko yote katika sehemu hii. Kama ilivyo kwa mpapai, mng'ongo una dume na jike, na kwa kawaida jinsia hizo mbili hazikai katika mti mmoja. Mti dume hutoa vishada virefu vya maua madogo mengi yenye rangi nyekundu na nyeupe, huku mti jike ukitoa maua machache tu yenye vikonyo virefu karibu na ncha za matawi. Nyuki na wadudu wengine huchukua chavua kutoka kwenye dume kuipeleka kwenye jike. Wenye mashamba wengi hulikata dume kwa kuliona ni tasa, kisha miaka inayofuata wanashangaa kwa nini majike yamepunguza kuzaa. Ukiwa na majike mengi na dume moja, lilinde dume hilo. Tia alama kwenye kila mti wakati wa maua, kwa kufunga kamba au kupaka rangi, kwa sababu maua yakishaanguka hutaweza kuutofautisha mti dume na jike ambalo halikuzaa mwaka huo.

Kuokota

Kanuni ya kwanza ya tunda la mng'ongo ni kwamba halichumwi. Huanguka lenyewe likiwa bado la kijani na gumu, kisha huiva likiwa chini, likageuka manjano kwa muda wa siku chache na kuanza kutoa harufu kali inayosikika kutoka mbali. Kulitikisa tawi au kulipiga mawe ni kazi ya bure inayoumiza mti na kukuletea matunda yasiyokomaa, ambayo yatanyauka badala ya kuiva hata ukiyavundika namna gani. Kusini mwa Afrika matunda huanguka hasa kati ya Januari na Machi. Karibu na ikweta miezi hutofautiana mahali na mahali, kwa hiyo hesabu tangu ulipoyaona maua, na uanze kukagua chini ya mti miezi michache baadaye.

Kabla ya msimu kuanza, fagia chini ya taji lote la mti na uondoe miiba, mawe na kinyesi cha mifugo. Ukiweza, tandaza nyasi kavu ili tunda lisipasuke linapoanguka. Msimu ukianza, okota kila siku asubuhi na mapema, maana mti jike mkubwa huweza kuangusha maelfu ya matunda katika msimu mmoja, na yakikaa chini siku nzima juani huanza kuchacha ndani ya ganda. Unapookota, tenga mafungu matatu. Yaliyo manjano na imara ni ya kula na kukamua siku hiyo hiyo. Ya kijani yatandaze kivulini kwa safu moja juu ya mkeka au majani makavu, wala usiyatie guniani, kwa sababu joto la gunia huyaozesha ya katikati kabla ya ya pembeni kuiva. Yaliyopasuka, yenye matundu ya wadudu au yaliyoanza kulainika mno yamenye nyama yake ukalishe mifugo, lakini kokwa zake uziweke, kwa sababu kuoza kwa nyama hakuharibu kiini mara moja.

Acha sehemu ya matunda chini. Ndovu, nyani, nungunungu, swala na mbuzi wote huyategemea, na wao ndio waliousambaza mti huu katika savana nzima. Kuhusu hadithi inayosimuliwa sana kwamba ndovu hulewa kwa kula matunda yaliyochacha, wataalamu wa fiziolojia wa Chuo Kikuu cha Bristol walipiga hesabu mwaka 2006 na kuonyesha kwamba mnyama mwenye uzito huo angelazimika kula matunda mengi mno kuliko kawaida yake, tena bila kunywa maji, ili pombe imwathiri. Isitoshe, ndovu hupendelea tunda lililoiva kuliko lililooza.

Kula na kukamua maji

Tunda ni la mviringo, kipenyo chake sentimita 3 hadi 4 hivi, na ganda lake ni gumu kama ngozi. Usilimenye kama chungwa. Ling'ate kidogo upande wa kikonyo, uteme kipande hicho cha ganda, kisha ulibinye kwa vidole hadi kokwa iruke mdomoni pamoja na nyama yake nyeupe yenye utelezi, na uinyonye hadi nyuzinyuzi zibaki peke yake. Ladha yake hukumbusha embe na nanasi kwa mbali, lakini kuna harufu ya utomvu, ile ya ganda la embe bichi, ambayo mgeni huhitaji siku mbili tatu kuizoea. Vitamini C iliyomo ni nyingi, mara mbili hadi nne ya ile iliyomo katika uzito sawa wa chungwa, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuwapa watoto tunda hili katika miezi ambayo mazao ya shambani bado hayajakomaa.

Kwa kuwa nyama imeshikamana sana na kokwa, njia bora ya kupata maji mengi ni ya hatua mbili. Osha matunda, kisha toboa ganda la kila moja kwa ncha ya kisu. Wanawake wa kaskazini mwa Namibia hutumia ncha ya pembe ya ng'ombe kwa kazi hii, na ni chombo kizuri kuliko kisu kwa sababu hufungua ganda bila kulikata vipande vinavyoanguka ndani ya maji na kuyatia uchungu. Binya tunda juu ya bakuli ili maji ya kwanza yatiririke, kisha idondoshe kokwa pamoja na nyama yake katika chombo cha pili. Chombo hicho kikijaa, mimina maji safi kidogo tu, yasiyofunika kokwa zote, na uzikande kwa mikono au kwa mwiko wa mti hadi nyama iachane na kokwa na maji yawe mazito kama uji mwepesi. Chuja kwa kitambaa au chujio, changanya na maji ya kwanza, na utenge kokwa kando. Tumia vyombo vya udongo, vya mti, vya kioo au vya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu uchachu wa maji haya hula sufuria za aluminiamu na kuyaharibu ladha.

Maji hayo yanywe siku hiyo hiyo. Mng'ongo huchacha haraka kwa chachu iliyomo kwenye ganda lake lenyewe, bila kuongezewa chochote, na yakiachwa mtungini kwa siku mbili hadi sita huwa pombe. Katika nchi nyingi za kusini mwa Afrika pombe hiyo ina heshima kubwa, na sherehe ya Namibia ya kuinywa, iitwayo oshituthi shomagongo, iliandikishwa na UNESCO mwaka 2015 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hata hivyo, mtu asiyetumia kileo asidhani kwamba kufunika chombo kutayazuia maji kuchacha. Njia ya uhakika ni kuyachemsha mara tu yakishachujwa, kuyatia katika chupa zilizochemshwa zikiwa bado moto, na kuzifunga. Maji yaliyochemshwa hupoteza sehemu ya vitamini C, lakini hubaki na ladha.

Jamu ya mng'ongo ni rahisi kuliko jamu ya matunda mengi, kwa kuwa tunda lenyewe lina pektini ya kutosha na halihitaji kuongezewa kitu cha kugandisha. Pima kikombe kimoja cha sukari kwa kila kikombe cha maji yaliyochujwa, chemsha kwa moto wa wastani huku ukiondoa povu, na ujaribu tone moja kwenye sahani baridi. Likijikunja unapolisukuma kwa kidole, jamu imekuwa tayari. Ukichanganya matunda machache ambayo bado hayajawa manjano kabisa, itaganda vizuri zaidi.

Kokwa na kiini chake

Hapa ndipo mti unapotoa kitu chenye thamani kuliko vyote, na ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Kokwa ya mng'ongo ina ukubwa wa karibu jiwe la kombeo, na ndani yake mna vyumba viwili au vitatu, kila kimoja kikiwa na kiini kimoja cheupe kilichovaa ngozi nyembamba ya kahawia. Kila chumba kimezibwa kwa kifuniko kidogo cha mviringo upande mmoja wa kokwa. Mtu asiyevijua vifuniko hivyo huigonga kokwa popote kwa nguvu zote, akaisaga pamoja na kiini na kubaki na unga wa maganda. Mwenye kuvijua huvitumia kama mlango.

Kwanza kokwa zioshwe zisibaki na nyama, kisha zianikwe juani kwa wiki kadhaa juu ya bati, mwamba au jamvi, zikigeuzwa mara kwa mara na kuondolewa usiku kama kuna umande. Kokwa mbichi hainyofuki. Kiini chake bado kimejaza chumba chote na kimeshika kuta. Ikikauka, kiini husinyaa kidogo na kuachana na ganda. Kokwa zilizokauka vizuri zitie ghalani katika kikapu au gunia linalopitisha hewa, mahali pasipofikiwa na panya, nazo zitakaa kwa miezi mingi. Kwa kaya nyingi za savana faida kubwa ya mng'ongo imekuwa hii: kwamba tunda la msimu mfupi wa mvua huacha akiba inayopasuliwa polepole wakati wa kiangazi, ghala zingine zikiwa zimeanza kupungua. Pasua unazozihitaji kwa siku chache tu, kwa maana ganda ndilo kopo bora la kuhifadhia kiini, na hakuna chombo cha dukani kinacholishinda.

Kwa kupasua, tafuta jiwe pana lenye kijishimo katikati, na jiwe la pili la mviringo linaloenea kiganjani. Ishike kokwa kwa vidole viwili, vifuniko vikiwa juu au vikiegemea upande, uilaze kwenye kijishimo, kisha gonga mara moja kwa mgongo wa jiwe, kwa uzito wa jiwe zaidi kuliko nguvu ya mkono. Kokwa iliyokauka vizuri itapasuka kando ya chumba au kutupa kifuniko chake. Usiendelee kuigonga. Chukua mwiba mrefu, shazia, au msumari ulionolewa na kutiwa mpini, uchokonoe kiini kutoka ndani kikiwa kizima. Mara ya kwanza utavunja viini vingi kuliko utakavyotoa vizima, na kutwa nzima ya kazi huenda isikupe hata kilo moja. Hata waliozaliwa katika kazi hii huiona ni ya subira, ndiyo maana kwa desturi hufanywa na watu kadhaa walioketi pamoja kivulini wakizungumza. Wavae kitu cha kukinga macho, hasa watoto, kwa sababu vipande vya ganda huruka kwa kasi.

Zaidi ya nusu ya uzito wa kiini ni mafuta, na karibu robo ni protini. Huliwa kikiwa kibichi, ambapo utamu wake hukaribia korosho, au kikikaangwa kidogo bila mafuta hadi kinukie. Matumizi ninayoyaona bora kuliko yote ni kukitwanga kinuni na kutia unga wake katika mboga za majani wakati zinapokaribia kuiva, kama wengine wafanyavyo kwa karanga. Kijiko kimoja kikubwa cha unga huo hutosha sufuria ndogo ya mboga. Vilevile unga huo huungwa katika uji wa watoto.

Kutoa mafuta bila mashine

Twanga viini vikavu hadi viwe donge laini linaloanza kung'aa. Hamishia donge kwenye bakuli la mti, nyunyizia maji ya moto kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, na ulikande kwa nguvu kama unayekanda unga wa mkate. Mwanzoni maji yatanyonywa yote na utadhani umekosea. Endelea. Ghafla donge litakaza, na mafuta yataanza kujitenga na kukusanyika pembeni. Mimina mafuta hayo, libinye donge kwa viganja, uongeze maji machache tena, na urudie hadi lisitoe kitu. Kosa la kawaida ni kumwaga maji mengi kwa pamoja, ambapo utapata rojo jeupe lisilotengana. Likikutokea, usilitupe, lichemshe kwa moto mdogo hadi maji yapungue, mafuta yatapanda juu na utayaengua.

Mafuta yaliyopatikana yapashe moto taratibu hadi yasitoe tena sauti ya maji, yaache yapoe, na uyachuje. Yana rangi ya manjano hafifu, na sehemu yake kubwa, karibu asilimia 70, ni asidi ya oleiki, ile ile iliyojaa katika mafuta ya zeituni. Sifa yake ya pekee ni kwamba huchelewa sana kuchacha hata mahali penye joto, na ndiyo sababu jamii za kusini mwa Afrika zimeyatumia kuhifadhia nyama, kulainishia ngozi za kuvaa na kujipaka mwilini. Kwa ngozi kavu au visigino vilivyopasuka, matone machache baada ya kuoga yanatosha. Mashudu yanayobaki bado ni chakula kizuri. Yatie katika mboga.

Gome na majani: tiba na mipaka yake

Gome la mng'ongo lina tanini nyingi, nayo tanini hukaza utumbo. Kwa sababu hiyo maji ya gome lililochemshwa yamekuwa dawa ya kuhara katika karibu kila jamii inayoishi na mti huu, kuanzia Sahel hadi Limpopo, na majaribio ya maabara yameunga mkono sehemu ya matumizi hayo. Majani hutafunwa kwa ajili ya tumbo lililojaa gesi. Miongoni mwa Wavenda wa Afrika Kusini kuna imani kwamba mama akinywa maji ya gome la mti dume atazaa mtoto wa kiume, na la jike atazaa wa kike. Naitaja kwa sababu ni sehemu ya historia ya mti, na kwa sababu inaonyesha kwamba watu walizijua jinsia za mti huu muda mrefu kabla ya vitabu vya mimea.

Mipaka ni lazima isemwe wazi. Mtoto mdogo anayehara hupoteza maji na chumvi, na gome halirudishi chochote kati ya hivyo; apewe maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini na apelekwe kituo cha afya. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa za hospitali asinywe maji ya gome bila kumwambia daktari, maana majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba huweza kushusha sukari ya damu.

Ukihitaji gome, chukua kipande kimoja kisichozidi upana wa kiganja, upande mmoja wa shina, kwa kukikata kwa wima. Usilizunguke shina kamwe. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia gome la ndani, na mti uliozungushwa jeraha hufa hata kama majani yake yatabaki mabichi kwa msimu mmoja. Usirudi kwenye mti huo hadi jeraha lifunge.

Mti wenyewe na vingine vinavyotoka kwake

Mbao yake ni nyepesi na laini, rangi yake ya waridi ambayo hugeuka kahawia yenye wekundu ikikauka. Hufaa kwa vinu, bakuli, miiko, vigoda, ngoma na mizinga ya nyuki, lakini haifai kwa nguzo wala paa kwa sababu hushambuliwa upesi na wadudu na ukungu. Ikishakatwa ikaushwe haraka, vinginevyo hupata madoa. Tumia mti ulioangushwa na upepo au tawi lililovunjwa na ndovu. Mti hai unaozaa usikatwe kwa ajili ya kinu, maana kinu kitachakaa ilhali mti ungeendelea kulisha watu kwa miaka mingi. Nchini Afrika Kusini mng'ongo ni mti unaolindwa na sheria ya misitu ya mwaka 1998, na mahali pengine pia ni vyema kuuliza mamlaka ya misitu kabla ya kugusa mti wowote wa asili.

Gundi inayotoka kwenye jeraha la gome, ikiyeyushwa kwa maji na kuchanganywa na masizi, hutoa wino. Majani ni malisho mazuri ya mbuzi na ng'ombe kiangazi kinapoisha.

Kupanda

Njia ni tatu. Ya kwanza ni mbegu: chukua kokwa zilizokaa miezi kadhaa tangu zilipoanguka, kwa kuwa mbichi huwa bado zimelala, ziloweke kwa siku moja au mbili, na uvilegeze vifuniko kwa ncha ya kisu bila kugusa kiini. Kokwa zilizopita tumboni mwa ndovu huota vizuri zaidi, na anayeishi karibu na hifadhi anaweza kuziokota kwenye kinyesi kilichokauka. Zipande katika viriba virefu, maana mzizi mkuu hushuka haraka na kujikunja ukikosa nafasi. Mti wa mbegu huchukua miaka 8 hadi 10 kabla ya kuzaa.

Ya pili ni fimbo: kata tawi nene la mti jike lenye urefu wa mita 2 na unene wa sentimita 10 hadi 15, kiangazi kikiwa kinaisha na kabla ya machipukizi kutoka, liache kivulini siku chache jeraha likauke, kisha lisimike katika shimo la kina cha mkono mzima. Faida yake ni kwamba unaijua jinsia tangu mwanzo, na mbuzi hawafikii machipukizi.

Ya tatu, na ambayo ningemshauri kila mwenye eneo dogo, ni kubebesha, yaani kuunganisha kijitawi cha mti mmoja kwenye shina la mti mwingine. Panda mbegu nyingi, na miche ikifikia unene wa penseli ibebeshe vikonyo, yaani vijitawi vya kuunganisha, vilivyotoka kwenye jike linalozaa matunda makubwa na matamu. Mti wa namna hiyo huweza kuzaa katika mwaka wa nne au wa tano. Acha mche mmoja au miwili bila kubebeshwa, ukiwa umeichagua katika kundi la miche iliyotokana na mbegu, hadi utoe maua na ujue lipi ni dume. Hilo liache mahali lilipo, upande ambao nyuki wa mizinga yako hupita. Madume yatakayozidi hayahitaji kung'olewa. Yakate kwa kimo cha kiuno mwishoni mwa kiangazi, subiri yachipue, kisha uyabebeshe machipukizi hayo kikonyo cha jike, nayo mizizi iliyokwisha kushika ardhi italilisha jike jipya.